Namba 47: sarafu ya Kirumi niliyoisugua kwa ndimu na majivu, Raskazone

Wakuu, nawasalimu nyote mlioko humu.

Shikamoo zenu nazipokea mapema, marahaba, maana sidhani kama yupo humu wa kunizidi umri. Nakaribia tisini. Akaunti kanifungulia mjukuu wangu, lakini vidole vinavyoandika ni vyangu mwenyewe, kwa hiyo mkikuta herufi imerukwa mnivumilie.

Nitakayoyasimulia yamenipata mimi, hapa hapa Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Chumvi sitii. Chumvi hata daktari kanikataza.

Juzi kuna kijana kaanzisha uzi humu, kaweka picha ya sarafu kuukuu iliyoota kutu ya kijani, anauliza aisafishe na nini ing'ae. Mkamjibu kwa mbwembwe: ndimu, magadi, soda, dawa ya meno. Nikayasoma yote. Nikasema hapana, hawa watu ngoja niwaambie yaliyonikuta.

Tuanze.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeshaachika. Mume alikuwa wa Pangani, na ya kwake leo hayatuhusu. Nikarudi kwa mama yangu Chumbageni na sanduku langu la bati.

Mama alikuwa akiuza vitumbua. Mteja wake mmoja alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya Raskazone, na siku moja akamwambia kwamba bwana wake anatafuta mtu mwenye macho mazuri, anayejua kusoma, na asiye na haraka. Vijana wawili walishajaribiwa wakashindwa kwa sababu ya pupa. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na chuoni, kwenye Kurani, nilishahitimu. Haraka ya kwenda wapi, mtu nimeachika?

Basi nikaenda.

Bwana mwenyewe alikuwa Mgiriki, mzee wa makamo ya babu, tukimwita Bwana Stavro. Alikuwa ameshika vitabu vya hesabu kwenye shamba la mkonge miaka mingi, akastaafu. Mkewe alishafariki. Kiswahili alikijua, ila ngeli zilimshinda kabisa, kila kitu kwake kilikuwa "hii". Mtoto hii, chakula hii, mvua hii. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba vizuri kuliko vijana wengi wa sasa hivi.

Tatizo lake lilikuwa macho. Yalikuwa yameingia ukungu, na daktari alishamwambia kwamba yataendelea kufunga mpaka yafunge kabisa.

Siku ya kwanza alinifungulia bati la biskuti. Ndani kulikuwa na kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa vipande vya shaba hamsini na kitu, vingine vidogo sawa na kifungo cha shati, vyeusi, vya kijani, vya rangi ya udongo. Nikadhani ni vifaa vya saa mbovu.

Akaniambia ni sarafu za Warumi. Zina zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu kisiwani kwao, na jembe ndilo lililokuwa likizifukua shambani, moja leo, nyingine mwakani. Akamrithisha mwanawe. Bwana Stavro akaja nazo Afrika akisema atazisoma akipata nafasi. Mkonge haukumpa nafasi. Alipokuja kuipata nafasi, macho yakaanza kuondoka.

Alichokitaka ni kimoja tu. Azitambue zote, kila moja iandikwe ni ya mfalme gani na ilitengenezwa mji gani, halafu arudi nazo kwao kwa dada yake na aziweke kwenye shule ya kijiji walichozaliwa. Alisema hataki kumrudishia baba yake bati la vyuma visivyo na majina. Na alitaka kumaliza kabla giza halijafunga.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu wakuu. Kuwa macho ya mtu.

Tulikaa kwenye meza ya dirishani kila asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, kwa sababu wakati huo mwanga uliingia kwa ubavu. Mwanga wa juu hauoneshi kitu kwenye sarafu kuukuu. Unaiinamisha kidogo, kivuli kinaingia kwenye mikwaruzo, ndipo herufi inainuka.

Yeye mwenyewe hakuzishika. Aliogopa jasho la vidole litazila. Mimi nilizishika kwa kingo, na lenzi mkono wa pili.

Unaanza na kichwa. Mfalme kavaa nini? Kama ni majani, ni taji la majani. Kama ni miali kama ya jua, basi unajua ni ya karne fulani. Halafu herufi, unaanzia chini ya bega la kushoto, unazunguka mpaka bega la kulia. Kirumi hakina U, ukiona V ndiyo U. Halafu unageuza nyuma. Kuna askari? Kuna mwanamke kashika mizani? Kuna lango la ngome? Mwisho unatazama chini kabisa, pana mstari, na chini ya mstari vijiherufi viwili vitatu. Hivyo ndivyo vinavyokwambia mji.

Mimi namtajia, yeye anafumba macho anafikiri, kisha ananiambia nifungue kitabu chake kikubwa ukurasa fulani. Mara nyingi alikuwa hakosei. Kisha naandika kwenye daftari la mistari: namba, mfalme, nyuma kuna nini, mji.

Jamani, nilizipenda zile asubuhi. Nasema wazi. Sijawahi kuwa na kazi niliyoipenda vile, na nimefanya nyingi.

Siku niliyokuta mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili wa kibinadamu nilicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Nikamsimulia mama jioni ile. Mama akasema Wazungu tangu zamani hawana haya.

Naona kuna aliyeuliza hapo chini kama nilifundishwa majina ya wafalme. Ndiyo mwanangu. Probusi, Galieno, Konstantino na wanawe ambao wote wana majina ya kufanana, wananichanganya mpaka leo.

Lakini kulikuwa na mfalme mmoja ambaye Bwana Stavro alimtamani kuliko wote. Florianusi. Huyu alitawala miezi michache tu, askari wake mwenyewe wakamuua. Kwa kuwa hakukaa, sarafu zake si nyingi. Marehemu baba yake Bwana Stavro aliwahi kumwambia mwanawe kwamba mwalimu mmoja wa kijijini aliona herufi za jina lile kwenye mojawapo ya zile sarafu, ila mzee baba hakukumbuka ni ipi. Kwa hiyo kila nikishika yenye taji la miali, mzee aliinua kichwa akaniuliza, "Hii hakuna F ndani?"

Namjibu hakuna. Anatikisa kichwa, tunaendelea.

Ngoja ninywe chai, vidole vimekufa ganzi.

Haya, nimerudi.

Tukafika namba arobaini na saba. Hii ilikuwa chafu kuliko zote. Ukoko wa kijani umeishika pande zote. Niliihangaikia siku nne. Niliona miali ya taji, na mbele ya pua kitu kama N, au labda V, sikuwa na hakika. Bwana Stavro akasema tuiache kwanza, inakuja Idd, nipumzike siku tatu, nikirudi tutaanza nayo.

Sasa nyie watu wa pwani mnajua mambo ya siku ya kuamkia Idd. Wakati ule hakuna nyumba isiyosugua shaba zake. Masinia, mabirika, vyetezo, vyote vinatolewa uani. Ndimu, majivu, mchanga laini, makumbi ya nazi. Unasugua mpaka unajiona uso. Mwanamke aliyepokea wageni wa Idd kwa sinia jeusi alisemwa mwaka mzima.

Siku ile, kabla sijaondoka, nikaona nimsugulie Bwana Stavro sinia lake na birika la kahawa. Si Mwislamu, lakini nyumba ilikuwa kama yangu. Yeye alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Nikakaa uani nikasugua vikang'aa.

Ndimu zikabaki nusu. Majivu yakabaki.

Nikaikumbuka namba arobaini na saba.

Wallahi nia yangu ilikuwa njema. Nilijiambia, mzee wa watu haoni, na uchafu huu ndio unaozidi kumzibia. Shaba ni shaba. Nikiitoa ukoko, jina litatoka chini yake, labda hata yeye ataliona kwa macho yake. Nilifurahi kabisa, nikaenda kuichukua.

Nikaipaka ndimu. Povu la kijani likatoka. Nikaitia majivu, nikaisugua kwa kumbi, nikamalizia na mchanga. Ikaja kung'aa kama pete ya bibi harusi.

Nikaisuuza, nikaifuta, nikachukua lenzi.

Haikuwa na kitu. Miali ya taji ilibaki michache, pua imebaki nusu, na pembeni kote kulikuwa kweupe, laini. Ile N au V nayo haipo. Ndipo nilipoelewa kwamba shaba yenyewe ilishaliwa na udongo siku nyingi, na herufi zilikuwa zimesimama ndani ya kutu. Nimesugua kutu, nimesugua na jina.

Nikamwaga majivu yaliyobaki. Kisha nikairudisha kwenye bati, nikaifunika na kitambaa, nikaenda kwetu. Pilau la Idd ile silijui lilikuwa na ladha gani.

Siku nne baadaye nikarudi kazini. Nilikuwa nimepanga nimwambie. Haki ya Mungu nilipanga, nilitembea kutoka Chumbageni nikiyarudia maneno. Lakini kumbe siku zile nne macho yake yalizidi. Alikuwa anaona dirisha, anaona kivuli changu, basi. Akaniambia hana muda mwingi tena. Akaketi, akafumba macho, akauliza, "Arobaini na saba. Hii hakuna F ndani?"

Nikamwambia ipo.

Sijui ilitoka wapi. Nimejiuliza miaka yote hii. Sehemu moja ilikuwa woga wa kufukuzwa, maana kurudi kukaa kwa mama bila kazi kulikuwa aibu. Sehemu nyingine, na hii ni kweli pia, nilitaka kumlipa. Nimemharibia kitu, nikaona nimpe kitu.

Akaniuliza inayofuata. Nikasema L. Nikasema O. Nikasema R, na hapo hakungoja zaidi.

Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena, wakati miwani yenyewe ilishaacha kumsaidia. Akamwita mpishi alete kahawa, vikombe vitatu, tukae wote mezani. Akaimba wimbo wa kwao. Akaniambia niandike kwenye daftari kwa herufi kubwa, nami nikaandika. Siku hiyohiyo akamwandikia barua rafiki yake wa Mombasa, Mgiriki mwenzake ambaye naye alikusanya sarafu. Aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa kubwa, mistari inapandana.

Majibu yakaja upesi. Rafiki atakuja Jumamosi kwa gari, kwa njia ya Horohoro, aione kwa macho yake.

Hapo sasa nikaanza kuugua. Nilimweleza mama. Mama akasema ninyamaze, mzee haoni na karibu anaondoka, na huyo mgeni akiikuta inang'aa nitasema nilivyoikuta ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alinipenda, alikuwa ananilinda.

Lakini mimi nilimwona vile alivyokuwa akingoja Jumamosi. Alimtuma mpishi anunue samaki mkubwa. Alinyolewa. Nikaona siwezi.

Ijumaa asubuhi, saa tatu ileile, nikamwambia yote. Ndimu, majivu, mchanga, na F, na L, na O, na R. Sikulia, nilisema tu mpaka yakaisha.

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea ile sarafu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akishika sarafu kwa mkono mtupu. Akapitisha dole gumba upande huu, akageuza, akapitisha upande wa pili. Polepole sana. Akaniambia niende nyumbani.

Jumamosi nikaenda hata hivyo. Sikuitwa. Nilikaa jikoni na mpishi, nikasema kama ni kutukanwa mbele ya mgeni, nitukanwe nikiwepo.

Mgeni akafika, mtu mnene mwenye suti. Wakaingia sebuleni, wakazungumza kwa lugha yao. Nilisikia mgeni akicheka, kisha hakucheka tena. Samaki aliliwa nusu.

Wakati wa kuondoka yule mgeni alipitia mlango wa jikoni. Akaniuliza kama ni mimi ninayemsomea mzee. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Bwana wako amezeeka, dada. Anasoma jina pasipo na jina. Amenambia mwenyewe, macho yamemdanganya. Msaidie."

Akapanda gari akaenda zake.

Wakuu, nimezika mume wa pili, nimezika mtoto. Lakini nikiulizwa siku niliyoona aibu kuliko zote, nitasema ni hiyo. Mzee yule alikuwa na majivuno ya hesabu zake, hajawahi kukosea safu moja shambani, kila mtu alijua. Akachagua kuonekana kachanganyikiwa mbele ya rafiki yake kuliko kunitaja mimi. Nililia pale jikoni mpaka mpishi akanipa kanga ya mkewe nijifute.

Jumatatu Bwana Stavro alimtuma mpishi aniite.

Nilimkuta mezani. Hakunipa nafasi ya kuomba radhi. Akasema, "Kusugua hii nimesamehe Ijumaa. Wewe ulitaka mimi nione. Lakini kunisomea uongo, hiyo bado. Leta daftari. Anza namba moja."

Nikamwambia bwana, zile nyingine zote nilisoma kweli.

Akasema, "Mimi sijui tena."

Neno hilo lilinichoma kuliko angenizaba kofi. Na alikuwa na haki. Daftari zima lilikuwa limeshatiwa shaka, kwa ajili ya herufi nne.

Tukaanza upya. Sarafu baada ya sarafu, kichwa, taji, herufi, nyuma, mji. Sasa alikuwa ananiuliza mara mbili, mara tatu. Pale nilipokuwa sina hakika nikasema sina hakika, akaniambia niandike hivyohivyo. Mara tano au sita tuligundua nilikosea zamani kwa haraka, nikakata nikaandika upya. Tulipofika ishirini na kitu, aliniambia dirisha halioni tena. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. Tukaendelea.

Sijui kwa nini hakutafuta msomaji mwingine. Wasomi Tanga walikuwepo.

Miezi miwili ikapita, tukafika arobaini na saba.

Nikaishika kwa kingo. Nikamtajia: taji la miali. Herufi hazisomeki. Nyuma haisomeki. Chini ya mstari hakuna kitu. Imesuguliwa kwa ndimu na majivu.

Akauliza, "Nani alisugua? Andika."

Nikaandika jina langu. Mwanahamisi binti Saidi, Tanga. Chini ya Probusi, juu ya Konstantino.

"Umeandika?"

Nikasema nimeandika.

"Soma."

Nikalisoma jina langu. Akaegemea kiti, akafumba macho vile alivyokuwa akifumba siku za mwanzo.

Akasema, "Arobaini na nane."

Tulizimaliza zote. Mwezi uliofuata dada yake alimtuma mtu kuja kumchukua, akapanda meli na bati lake na daftari langu. Sikupata habari zake tena, na wakati ule sisi tusingejua hata pa kuuliza.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye sarafu, usiioshe. Iache na kutu yake, itafutie mwenye lenzi, iinamishe kwenye mwanga wa asubuhi. Hilo la kwanza. La pili ni la wote: mtu akikuuliza umeona nini, na hujaona, mwambie sijaona. Nimezeeka, sasa mimi ndiye ninayesomewa dawa zangu na wajukuu, na ninajua mtu asiyeona anavyotegemea lile neno unalomwambia.

Wa kunilaumu anilaumu, nimezoea, na mwenye swali aulize, nitajibu macho yakiniruhusu.

Na kama kuna mmoja wenu anaishi huko Ugiriki, akapita shule ya kijiji kisiwani, akakuta daftari la mistari la Kiswahili lenye mwandiko wa kike, afungue namba arobaini na saba. Aniambie tu kama bado lipo.